Riziki Ni ya Mungu, Dhulma Ni ya Mja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake vyote. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyechunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira kabla ya kupewa Utume, akayajua ya kuajiriwa kwa nafsi yake, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, neno ninalotaka kulisema leo ni neno la kazi. Huenda msomaji akastaajabu, akauliza: karatasi ya darasa ya dini ina nini na makampuni ya mafuta, na mameneja, na watu waliopunguzwa kazini? Namjibu kwamba ina mengi. Mtu hukaa msikitini saa moja au mbili kwa siku, na kazini hukaa saa nane au kumi. Ikiwa dini itasema katika zile saa mbili na itanyamaza katika zile kumi, basi tumeifanya kuwa ni kanzu ya kuvaliwa Ijumaa na kutundikwa Jumamosi. Na dini yetu siyo hivyo.

Ninaandika kutoka Kaloleni ya Nairobi, wala si ile Kaloleni ya Kilifi mnayoijua zaidi nyinyi watu wa Pwani. Mtaa wetu huu ulijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Uko kando ya barabara ya Jogoo, karibu na reli na karibu na Viwandani, na ukumbi wake ulijulikana sana kwa mikutano ya siasa kabla ya Uhuru wa 1963. Tangu mwanzo wake mtaa huu umeishi kwa mshahara, hauna shamba wala bahari. Mshahara ukikatika huko Viwandani, khabari yake hufika hapa siku ile ile, kwani hujulikana kwa deni la dukani na kwa ada ya madrasa isiyolipwa.

Na sisi wa huku na nyinyi wa Mombasa tumeungwa na bomba moja. Mafuta huteremshwa kwenu Kipevu, yakasukumwa katika bomba la kiasi cha kilomita 450, yakafika kwenye matangi hapa Viwandani. Kwa hivyo jambo la mafuta likiumwa huko, na huku twaumwa.

Mnakijua wenyewe kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe. Kampuni yake iliundwa mwaka 1960, na mitambo ikaanza kazi mwaka 1963. Kwa miaka 50 kiwanda kile kililisha nyumba nyingi za Changamwe na Mikindani na Magongo. Kisha Septemba 2013 kazi ya kusafisha mafuta ikasimama. Kampuni ya Essar ya India, iliyoshika nusu ya mali yake tangu mwaka 2009, ikaiuzia Serikali sehemu yake mwaka 2016, na mwaka 2017 kampuni ya bomba la mafuta ikakabidhiwa matangi yake yawe ya kuhifadhia. Kila mwenye akili aijua hesabu hii: kuhifadhi mafuta hakuhitaji mafundi wengi kama kuyasafisha.

Huko ulimwenguni nako, pipa moja la mafuta lilikuwa likiuzwa kwa zaidi ya dola 110 katika Juni 2014, na ilipofika Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Makampuni ya mafuta katika nchi nyingi yakatoa watu kwa maelfu. Kisha Turkana, ambako mafuta yalipatikana mwaka 2012 tukashangilia nchi nzima: malori yalianza kuyachukua mafuta ghafi kutoka Lokichar mpaka Mombasa mwaka 2018, na shehena ya kwanza ikasafirishwa ng'ambo Agosti 2019. Mwaka 2020 kazi hiyo ikasita, na mwaka huo huo kampuni ya Tullow, iliyokuwa ikiisimamia, ikatangaza kwamba itapunguza kiasi cha thuluthi ya wafanyakazi wake kote ilipo.

Sikuyataja haya ili nimhukumu mtu. Biashara hupanda na kushuka, na sharia haikumwajibisha mwenye mali amweke kazini mtu asiyekuwa na kazi ya kumpa. Kumwachisha mtu kazi si dhulma kwa dhati yake. Dhulma huingia katika namna ya kumwachisha, na katika namna ya kuwaendesha wale waliobaki. Na hao waliobaki ndio khasa makusudio ya maneno yangu, kwani waliotoka watu huwahurumia japo kwa ulimi, lakini waliobaki huambiwa washukuru na wanyamaze.

Kijana mmoja anayehudhuria darasa yetu alikuwa akifanya kazi katika bohari ya kampuni ambayo sitaitaja jina. Zamu yao ilikuwa ya watu kumi na wanane. Kwa miezi mitatu paliingia uvumi kwamba watu watapunguzwa, na kila walipowauliza wakubwa waliambiwa hapana jambo, nendeni mkafanye kazi. Ijumaa moja baada ya Alasiri watu kumi na mmoja wakaitwa mmoja mmoja, wakapewa bahasha, wakafuatwa na askari mpaka langoni kama wezi. Jumatatu meneja akawakusanya wale saba waliobaki, akawaambia wamshukuru Mungu kwa kuwa riziki ni Yake, na kwamba kazi ya kumi na wanane sasa ni yao.

Nikamwambia kijana yule: "Basi wewe ulisalimika." Akanijibu: "Sheikh, nimesalimika mwili. Simu ya ofisi ikilia nashtuka. Mwenzangu niliyekula naye sahani moja miaka kumi sasa simwambii neno, kwani sijui nani apeleka maneno juu. Na kazi yangu niliyokuwa nikiipenda naifanya kama mtu anayehesabu saa za kifungo."

Ndugu zangu, yapimeni maneno haya. Huyu ni mtu mwenye kazi na mwenye mshahara, lakini ule moyo wa kazi umemtoka. Na moyo wa kazi ukimtoka mtu wa mafuta, khatari yake haikomei kwake. Mtu mwenye hofu akiona vali inavuja hasemi, kwani aogopa kuambiwa yeye ndiye aliyeiharibu. Msimamizi mwenye hofu akiona kosa hulifunika. Sisi wa Nairobi twajua mafuta yakivuja huwaje. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja katika kijiji cha Sinai, hapa hapa upande wa Viwandani, yakashika moto, na zaidi ya watu 100 wakafa. Sisemi kwamba msiba ule ulitokana na kupunguzwa watu. Nasema kwamba penye mafuta, ulimi uliofungwa kwa hofu ni khatari kwa mtaa mzima, na mwenye kuufunga atakuwa na sehemu yake katika hisabu.

Sasa turudi kwenye neno la yule meneja, kwamba riziki ni ya Mungu. Neno hilo ni la haki, lakini amelitumia mahali pa batili. Riziki ni ya Mungu, naam, na hakuna nafsi itakayokufa kabla haijaimaliza riziki yake. Lakini imani hiyo tumepewa iwe ni faraja kwa mwenye kupungukiwa, haikuletwa iwe ni pazia la mwenye kupunguza. Mtu akimsukuma mwenzake kisimani hawezi kusema kuwa ajali ni ya Mungu, akaenda zake. Kadhi atamuuliza juu ya mkono wake. Na meneja naye ataulizwa juu ya mkono wake: alisema kweli au alidanganya? Alichagua kwa haki au kwa chuki? Alilipa au alipunja? Riziki ni ya Mungu, lakini dhulma ni ya mja, na Mwenyezi Mungu ameiharimisha juu ya nafsi Yake kabla ya kutuharimishia sisi.

Basi dini yamtaka nini mkubwa wa kazi? Nitataja mambo manne.

La kwanza ni kuona mbele na kusema kweli mapema. Someni kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) katika sura iliyoitwa kwa jina lake. Mfalme wa Misri aliota ndoto, na Yusuf akaifasiri kuwa ni miaka saba ya neema na saba ya ukame baada yake. Tazameni alivyofanya. Hakuificha khabari mbaya mpaka ifike. Aliisema ingali mbali, na pamoja nayo akasema dawa yake: wakati wa neema mle kidogo, na kilichozidi mkiweke katika mashuke yake. Na alipotaka kupewa hazina aliisimamie, alizitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Hakutaja ukoo wala urafiki na mfalme. Ndiyo maana miaka ya ukame ilipoingia, watu wa Misri walikula, na majirani zao wa Kanaani wakaja kununua chakula kwao.

Na bei ya mafuta ni kama ng'ombe wa ndoto ile, wanono hufuatwa na waliokonda. Mkubwa ambaye pipa likiwa dola 110 aliajiri bila ya hisabu na kujigawia marupurupu, kisha likiwa dola 30 akawatupa watu nje siku moja, huyo hakuhifadhi wala hakujua. Na mkubwa aliyejua miezi mitatu kabla, akaulizwa akasema hapana jambo, ameongeza uwongo juu ya ujinga. Wala asidhani kuwa uwongo ule umekwisha siku ya kutoa bahasha. Wale waliobaki wameuhifadhi. Kesho akiwaambia kweli hawatamsadiki, kwani wamekwisha kumjua.

La pili ni uadilifu katika kuchagua, na kutimiza haki ya anayetoka. Katika Suratul Maida Mwenyezi Mungu anaifungua sura kwa kutuamrisha tutimize mikataba yetu. Na katika mkataba wa kila aliyeajiriwa Kenya leo imo sheria ya nchi, ataka asitake mwajiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema wazi kwamba mwenye kupunguza watu lazima awape khabari kwa mwezi mmoja kabla, yeye mwenyewe kwa barua au chama chao cha wafanyakazi, pamoja na afisa wa kazi wa Serikali, na aeleze sababu yake na kadiri yake. Katika kuchagua, atazame muda wa mtu kazini, na ujuzi wake, na uwezo wake, na kutegemeka kwake. Siku za likizo alizokuwa akidai azilipwe kwa fedha. Apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo. Na juu ya hayo alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Basi aliyefanya kazi miaka 20 haki yake haipungui mshahara wa siku 300.

Ndugu zangu, yahifadhini haya kama mnavyohifadhi nguzo za Sala, kwani wengi wametoka na bahasha yenye mwezi mmoja tu, wakashukuru, hali ya kuwa mali yao imeliwa. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tena ametupa khabari kutoka kwa Mola wake kwamba wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mja akihasimiwa na mja mwenzake huenda akapata wakili. Akihasimiwa na Mola wake atamwajiri nani?

La tatu ni kulinda heshima ya anayetoka. Sayyidna Umar (R.A.) alipomwondoa Khalid bin Walid katika uamiri wa jeshi, watu walianza kunong'ona, kwani Khalid alikuwa ni shujaa asiyeshindwa vitani. Wanahistoria wetu wamepokea kwamba Umar aliandika barua kwenye miji, akawaeleza watu kwamba hakumwondoa kwa kumchukia wala kwa khiyana aliyoifanya, bali aliogopa watu wasije wakautegemea upanga wa Khalid wakamsahau Mwenye kutoa ushindi. Umar alikuwa Khalifa na angeweza kunyamaza, lakini aliona kuwa kumwondoa mtu ni jambo moja na kumvunjia jina ni jambo jingine. Na imepokewa kuwa Khalid alipokaribia kufa, Umar huyo huyo ndiye aliyemfanya wasii wake. Basi mtu aliyeondoshwa kwa uadilifu huweza kumwamini aliyemwondoa mpaka kaburini.

Linganisheni na askari wa lango wa ile Ijumaa. Mtu ametumika miaka kumi na tano, anapekuliwa mkoba mbele ya wenziwe. Waliobaki waliyaona hayo kwa madirisha, na kila mmoja akasema moyoni mwake: hivi ndivyo nitakavyofanywa na mimi. Kuanzia saa ile kampuni ilipoteza watu kumi na wanane, si kumi na mmoja.

La nne ni upole na shauri baada ya msiba. Baada ya vita vya Uhud, masahaba sabini wamekufa, na baadhi ya waliobaki ndio waliovunja amri wakaacha mlima. Lau ingekuwa ni meneja wa zama zetu angewaita mmoja mmoja kuwatisha. Lakini katika Suratu Al Imran Mwenyezi Mungu alimjulisha Mtume Wake kwamba ule upole wake kwao ni rehema itokayo Kwake, na kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangelimtawanyikia. Kisha akamwamrisha awasamehe, na awaombee maghufira, na atake shauri lao. Tazameni ajabu hii: kuamrishwa kushauriana kunakuja baada ya kushindwa, na pamoja na watu wale wale waliokosa, na anayeamrishwa ni Mtume mwenye kuteremshiwa Wahyi. Basi ni meneja gani huyo asiyewahitaji watu wake saba?

Na katika upole ni kutazama mzigo. Mtume (S.A.W.) amewaita wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, akakataza wasikalifishwe wasiyoyaweza, na wakikalifishwa basi tuwasaidie. Kazi ya watu kumi na wanane kupewa saba ni kuwakalifisha wasiyoyaweza. Ama ipunguzwe kazi yenyewe, ama waongezwe watu, ama mkubwa akunje mikono ya shati ashike mzigo pamoja nao. Na katika mwaka wa njaa kuu ya Hijaz, mwaka 18 wa Hijria, Sayyidna Umar aliacha kula samli na nyama mpaka watu wote wapate. Mkubwa anayewaambia watu kuwa kampuni haina fedha, na mwezi ule ule akabadilisha gari lake, amewaambia kwa gari yale asiyotaka kuyasema kwa ulimi.

Haya ni ya wakubwa. Sasa nanyi mliobaki kazini, niwaambie yaliyo yenu, kwani dhulma ya mwengine haikuhalalishieni yenu.

Jambo la kwanza ni hizi hirizi. Kila kampuni ikipunguza watu, waganga hupata soko. Mtu aenda kununua kombe la kumfunga meneja ulimi, na azimu la kuzika mlangoni pa ofisi, na aambiwa kwamba mwenzake wa zamu ndiye aliyemroga. Ukimuuliza barua yake ya ajira iko wapi, hajui. Ukimuuliza kama amejiunga na chama cha wafanyakazi, asema hana fedha za mchango, na hirizi ameinunua kwa fedha mara kumi ya mchango ule. Ndugu yangu, aliyekupunguzia kazi ni bei ya pipa na uamuzi wa watu waliokaa mezani. Mwenzako wa zamu hana habari. Imani hii ya waganga yaharibu tauhidi yako, na pamoja na hayo yakufumba macho usimwone mwenye kukudhulumu hasa.

Jambo la pili ni ulimi. Penye hofu, mtu hudhani kuwa akimchongea mwenzake atapona yeye. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat amekataza dhana mbaya na kupelelezana na kusengenyana katika aya moja, kwani ni maradhi yanayozaana. Anayepeleka maneno juu leo atapelekewa yake kesho, kwa kuwa mkubwa mwenye kupenda wachongezi hamwamini mchongezi. Semeni mnayoyaona ya kazi, semeni waziwazi na kwa adabu, na semeni pamoja. Vali ikivuja, iandikwe na itiwe saini na zamu nzima. Huko ni kunasihi na kuwalinda watu, wala si kuchongea.

Jambo la tatu ni amana. Nimesikia wasemao: wametudhulumu, basi nasi tujichukulie chetu. Lita tano hapa, lita kumi pale, na saa mbili za kazi zalaliwa nyuma ya matangi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tuirudishe amana kwa aliyetuamini, na tusimfanyie khiyana hata aliyetufanyia khiyana. Haki yako idai kwa barua, na kwa chama, na kwa afisa wa kazi, na mahakamani. Ukiidai kwa mpira wa kufyonzea mafuta, wewe uliyedhulumiwa umekuwa mwizi, na mdhalimu amepata hoja.

Na jambo la nne ni wale waliotoka. Wengi waliobaki huwakimbia wenzao waliopunguzwa, baadhi yao kwa haya, na wengine kama wanaoogopa kuambukizwa ukoma. Mtu akimwona mwenzake wa juzi barabara ya Jogoo huvuka upande wa pili. Haya si mambo ya Waislamu. Aliyetoka hakutaka kwako sadaka ya kumdhalilisha. Anataka umtembelee, umwambie panapohitajiwa fundi, umshuhudie kwamba kazi yake ilikuwa njema. Katika darasa yetu tumekubaliana kwamba kila mwenye kazi amshike mmoja aliyepoteza kazi, asipite mwezi bila ya kumjua amekula nini na watoto wake wamesoma wapi. Wenye nisabu wakitoa zaka wawatazame, kwani mwenye deni ni katika makundi manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na wasio na nisabu wawakopeshe mkopo usiokuwa na riba. Nanyi wa Changamwe na Shimanzi na Mikindani fanyeni vivyo hivyo katika misikiti yenu, wala msingoje pafunguliwe chama wala afisi.

Nawe uliyepoteza kazi, neno langu kwako ni fupi. Kutolewa kazini si kutolewa katika heshima. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mtoro, hana kazi wala nyumba, akawanyweshea wanyama mabinti wawili bila ya kutaka malipo, kisha akaomba kheri kwa Mola wake chini ya kivuli. Kabla siku ile haijaisha akaitwa. Na sifa alizosifiwa kwa mwajiri wake mpya zilikuwa mbili, nguvu na uaminifu. Sifa hizo mbili hakuna bahasha iwezayo kukutoa nazo langoni. Na yule mzee mwema aliyemwajiri alimwekea masharti wazi, miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake, akasema kuwa hataki kumtia katika mashaka. Hivyo ndivyo Mwislamu anavyoajiri.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Meneja ataulizwa juu ya saba wake, na msimamizi juu ya zamu yake, na mfanya kazi juu ya vali yake, na jirani juu ya jirani yake. Ewe uliye na watu chini ya mkono wako, kesho asubuhi kabla ya kufungua madaftari, waite hao waliobaki, waambie kweli yote uijuayo, na uwaulize waonavyo. Huenda neno moja la kweli likarudisha usingizi katika nyumba saba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaruzuku waliopungukiwa kutoka wasikotazamia, awatoe khofu waliobaki, awape wakubwa wa kazi insafu na huruma, na atuepushe sote na dhulma, kuitenda na kutendewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.